Maharamia au Wakulima: Kujifunza Kigiriki Ukiwa Nairobi

Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo kinachotuhusu kuliko vingi tulivyokaririshwa shuleni. Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Jina la mwandishi halijulikani. Ukimsoma unaona tu kwamba alikuwa mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki, mtu wa kujali bandari, upepo na bidhaa. Anateremka na Bahari ya Shamu, anazunguka Pembe ya Afrika, anafika pwani anayoiita Azania, na hapo msomaji wa huku anaketi vizuri kitini. Ni pwani yetu. Kuna kisiwa cha Menouthias (wataalamu wanabishana: Pemba? Unguja? Mafia?), halafu mwendo wa siku mbili kwa tanga, kuna Rhapta, soko la mwisho la Azania, ambalo mpaka leo hakuna aliyethibitisha lilikuwa wapi. Meli zinaleta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Zinarudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Halafu kuna sentensi moja kuhusu watu. Watu wa Azania, anasema, wana miili mikubwa, na kila mahali pana wakuu wake. Katikati ya sentensi hiyo kuna neno linaloeleza ni watu wa aina gani, na hapo ndipo hati ya kale imeharibika. Neno lililoandikwa halileti maana, kwa hiyo wasomi wamelirekebisha kila mmoja anavyoona. Wilfred Schoff, aliyekitafsiri kitabu kwa Kiingereza mwaka 1912, aliwafanya watu hao kuwa na tabia za uharamia. Lionel Casson, katika toleo lake la 1989, aliwafanya wakulima. Kwa Kigiriki ni suala la herufi chache: peiratai, arotai. Kwa sisi ni suala la mtu wa kwanza kutajwa kwenye maandishi katika pwani hii, kama alikuwa ameshika panga la kuporea au jembe.

Na hapa kuna jambo la kuudhi. Tafsiri ya Schoff imeshapitwa na hakimiliki, imejaa mtandaoni bure. Ya Casson ni ya kununua, na bei yake si ya mwanafunzi. Kwa hiyo mtoto wa Form Three anayetafuta historia ya pwani kwa simu usiku atakutana na maharamia kwanza. Wakulima wanasubiri nyuma ya malipo.

Ndiyo maana najifunza Kigiriki. Nikisema hivyo watu huuliza, kwani manze unataka kuwa padri? Hapana. Nataka kusimama mbele ya sentensi ile mwenyewe, nione hati inasema nini, na nikatae au nikubali kwa sababu zangu. Na kwa kuwa mwalimu wa Kigiriki hapatikani kila mtaa, nimeishi na vitabu. Vizuri viko. Karibu vyote, hata hivyo, vimeandikwa vikimfikiria mtu ambaye si mimi, na hilo linajulikana kuanzia ukurasa wa kwanza.

Chukua Athenaze, cha Maurice Balme na Gilbert Lawall, ambacho ndicho watu wengi hupendekezewa wakianza Kigiriki cha kale. Mimi ninacho katika toleo la pili. Wazo lake ni zuri sana: badala ya kukumwagia majedwali ya viambishi, kinakupa hadithi moja ndefu. Mkulima anayeitwa Dikaiopolis anaishi nje ya Athens na mkewe Myrrhine na watoto wao, Philippos na Melissa. Sura ya kwanza sentensi ni fupi kama za darasa la pili. Baadaye familia inakwenda mjini, mtoto anapatwa na upofu, wanasafiri kutafuta tiba kwa mungu Asklepios kule Epidauros, na vita vinanukia. Bila kujua, umeshasoma kurasa na kurasa za Kigiriki. Nimependa hadithi hiyo kuliko nilivyotarajia. Philippos alipopofuka nilisoma sura mbili usiku mmoja, na mimi si mtu wa kusoma sarufi usiku.

Lakini katika familia hiyo kuna mtu mwingine, Xanthias. Ni mtumwa. Ukikutana naye, karibu jambo la kwanza unalofundishwa kumhusu ni kwamba ni mvivu. Bwana anafanya kazi, mtumwa analala. Bwana anaita, mtumwa hajibu. Unajifunza amri za Kigiriki, njoo, beba, usiwe mvivu, kwa kumsikiliza Dikaiopolis akimfokea Xanthias shambani. Yaani kinywa chako cha kwanza katika lugha hii ni kinywa cha mwenye mtumwa.

Mtu atasema tulia, hiyo ndiyo Ugiriki ya kale, ilikuwa na watumwa, ungetaka waifiche? Sitaki waifiche. Nataka waionyeshe. Majina haya mawili yametoka kwa Aristophanes: Dikaiopolis ni shujaa wa tamthilia yake ya Waacharnia, na Xanthias ni mtumwa katika Vyura. Na katika Vyura, Xanthias ndiye mjanja kuliko bwana wake, ambaye bwana huyo ni mungu Dionysos mwenyewe. Ana ulimi mkali, ana ujasiri, ndiye anayechekesha ukumbi. Kitabu cha kiada kilichukua jina lake, kikaacha akili zake, kikampa uvivu.

Hiyo hadithi ya mtumishi mvivu sisi tunaijua. Miaka ya 1930 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara, Up-Country Swahili, na jalada lenyewe lilitaja kilikuwa cha nani: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Ukijifunza Kiswahili kwa kitabu cha aina hiyo unajifunza kuagiza. Kitabu cha lugha hakikupi maneno tu. Kinakuonyesha utaongea na nani, na ukiwa umesimama wapi. Le Breton alimsimamisha msomaji barazani akimwita mpishi. Athenaze inamsimamisha nyuma ya ng'ombe wa kulimia akimwita Xanthias. Bado naipendekeza, kwa sababu hakuna njia laini zaidi ya kuingia. Ila ukifika mahali Xanthias analala, jiulize ameamka saa ngapi.

Reading Greek, kile cha Cambridge kilichotolewa na chama cha walimu wa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1978, ni kitabu cha watu wakorofi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Kinaanzia melini. Meli inaelekea Piraeus, na chini kwenye ngama kuna mtu anaitwa Hegestratos anatoboa mbao kwa shoka. Kwa nini mtu atoboe meli aliyomo? Kwa sababu amekopa pesa kwa dhamana ya meli na shehena, na kwa desturi ya wakati ule meli ikizama deni linazama nayo. Kesi hii imetoka katika hotuba iliyohifadhiwa pamoja na za Demosthenes. Msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa hapo. Tumeona magodauni yakiungua usiku wa kabla ya ukaguzi.

Shida ya Reading Greek ni kwamba inakimbia. Maandishi yako kwenye kitabu kimoja, sarufi na mazoezi kwenye kingine, na huwezi kuvitumia kwenye matatu bila kudondosha kimoja. Msamiati unamwagika. Kufikia nusu unasoma vipande vilivyosukwa kutoka kwa waandishi wenyewe, Aristophanes, Plato, Herodotus, na hilo ni raha, lakini wengi wanakuwa washaanguka njiani. Ningekiweka cha pili, baada ya Athenaze, ukiwa na misuli.

Halafu kuna vitabu vya wachungaji. Kwa wale wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, wale wa inama uchague, ukiona Kigiriki kimetandazwa chini basi karibu kila mara ni Kigiriki cha Agano Jipya. Cha Wenham, kilichotoka 1965, chembamba, kikavu, kimepigwa mistari na mtu aliyekuwa chuo cha Biblia zamani. Au cha William Mounce, kinene, chenye ucheshi wa mwalimu wa Kimarekani. Usividharau. Kigiriki cha Agano Jipya na kile cha mfanyabiashara wetu wa Periplus ni vya karne moja na ni lugha moja ya kawaida, ile iliyozungumzwa bandarini na sokoni kote mashariki ya Mediterania. Mtu anayeweza kusoma Injili ya Marko kwa Kigiriki yuko karibu zaidi na Rhapta kuliko mtu aliyesoma Plato peke yake. Kwa hiyo, kama lengo lako ni pwani yetu, kitabu cha mchungaji kinaweza kukufikisha haraka.

Ila Mounce ana uamuzi mmoja nisioupatia dawa. Anafundisha nomino kwanza, zote, na vitenzi vinangoja hadi karibu na katikati ya kitabu. Anasema hii inamrahisishia mwanafunzi. Mwanafunzi yupi? Kwa mtu wa Kiingereza labda, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kimenyooka tu na kitenzi cha Kigiriki kinamtisha. Lakini mimi nimetoka kwenye lugha ambayo "nilikutafuta" ni neno moja lenye mtendaji, wakati na mtendwa ndani yake. Kitenzi kilichobeba mizigo ndicho nyumbani kwetu. Kuninyima kitenzi kwa miezi miwili ni kama kumwalika mtu wa Kisumu kwa chakula ukamficha samaki.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma vitabu hivi kwa njia nyingine, nikiwa na kalamu pembeni, nikiandika Kiswahili juu ya Kiingereza. Mambo yalianza kufunguka.

Kuna kitu katika Kigiriki kinaitwa kauli ya kati. Si kutenda, si kutendwa, iko katikati. Vitabu vya Kiingereza vikifika hapo vinaanza kuomba radhi. Vinakupa kurasa za maelezo, vinasema Kiingereza hakina kitu kama hiki, vinakushauri uvumilie. Sasa tazama mifano yenyewe. Louo ni naosha, louomai ni naoga. Pauo ni nakomesha, pauomai ni nakoma. Histemi ni nasimamisha, histamai ni nasimama. Mtu yeyote aliyepita Form Two akinyambua vitenzi, kutendesha, kutendeka, kutendana, ameshaona mchezo huu: kitenzi kinabadilisha mkia na uhusiano wa mtu na tendo unabadilika. Hazilingani moja kwa moja, sitaki kudanganya. Kuna kauli ya kati ya kufanya jambo kwa faida yako mwenyewe, na hapo Kiswahili kinahitaji kuweka "ji" mbele na "ia" nyuma, kama kujipikia au kujinunulia. Lakini hata hiyo tunayo! Nilichokuwa nimefungiwa nyuma ya maelezo marefu kilikuwa kwenye daftari langu la sekondari.

Au chukua wakati timilifu. Vitabu vina orodha ya vitenzi vya ajabu ambavyo, ati, vina umbo la timilifu lakini maana ya sasa. Hesteka, kwa mfano, kiumbo ni timilifu, lakini inamaanisha mtu amesimama sasa hivi, wima. Kiingereza kinaona hilo ni ugeni wa kukaririwa. Kiswahili kinasema "nimesimama" na hakuna anayeshangaa. Ukisema mtoto amelala hauripoti historia, unataka watu wapunguze sauti ya TV. Tethneke, amekufa. Oida, nimejua, yaani najua. Ajabu iko wapi? Na ile mitindo ya Kigiriki ya kurundika vitenzi vya kufuatana, akifika, akiona, akachukua, ambayo mwalimu wa Kiingereza anaivunjavunja iwe sentensi nne, sisi tuna -ki- na -ka- za kazi hiyo hiyo. Nilimwona akilima. Hiyo ni sentensi ya Kigiriki iliyovaa kanzu.

Msamiati vilevile. Kitabu cha Kiingereza kinakuonyesha maneno unayodhaniwa kuyajua, philosophy, adamant, bishop, ili usijione mgeni. Hakijui kwamba una falsafa, iliyotoka kwa philosophia kupitia Kiarabu. Una askofu kutoka episkopos, almasi kutoka adamas, Injili kutoka euangelion, karatasi kutoka khartes, ratili kutoka litra. Maneno haya yaliletwa na watu wa Kiarabu, si na Wagiriki wenyewe, na yamekaa mdomoni mwetu muda mrefu mpaka yakasahau walikotoka. Hata jina la lugha lina njia mbili: waliolelewa na Biblia ya Union Version wanasema Kiyunani, kutoka Ionia kupitia Kiarabu, na gazeti linasema Kigiriki. Ukurasa mmoja wa jambo hili mwanzoni mwa kitabu ungemtoa mwanafunzi wa huku woga wote. Haupo kwenye chochote kati ya vitabu nilivyo navyo mezani, na siwalaumu sana walioandika. Hawakuwa wakiniandikia mimi.

Kwa Kigiriki cha leo hali ni tofauti kidogo, na kitu bora kabisa nilichokutana nacho si kitabu. Ni masomo ya sauti ya Language Transfer, ya Mihalis Eleftheriou, ambayo ni bure, na huhitaji hata kuandika. Anafundisha mwanafunzi mmoja mbele ya maikrofoni. Anauliza, wewe unasimamisha sauti, unafikiri, unajibu kabla ya yule mwanafunzi. Hakaririshi. Anakufanya ujenge sentensi kwa kufikiri, na ukikwama anarudi nyuma hatua moja, si kumi. Mtu huyo huyo ametengeneza pia masomo ya Kiswahili, na nakushauri uyasikilize hata kama umezaliwa nacho. Utamsikia akimwelezea mgeni namna vipande vya kitenzi chetu vinavyounganishwa, na ghafla utaona lugha yako kutoka nje. Mimi nilijifunza Kigiriki zaidi siku niliyosikiliza masomo yake ya Kiswahili. Duolingo nayo ina Kigiriki, na kwa dakika tano za foleni ya M-Pesa si mbaya, lakini haielezi kitu, na kwa kuwa majibu ni ya Kiingereza unajikuta unafanya mtihani wa lugha mbili kwa wakati mmoja.

Matamshi ya Kigiriki cha leo yamenichekesha. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, zile zile zetu. Halafu kuna sauti zinazowatoa jasho watu wa Ulaya: delta ni dh ya dhahabu, theta ni th ya thelathini, khi ni kh ya kheri, na gamma, ambayo vitabu vya Kiingereza vinaieleza kama mtu anayesukutua koo, ni gh ya ghali tu. Mtu wa Lamu anaitamka bila kufundishwa. Sisi wa Nairobi tunaosema "gali" na "zahabu" itabidi tuombe msaada pwani kwanza, ndipo twende Athens.

Usishangae kwamba vitabu vya kale vinakufundisha matamshi mengine kabisa. Ugomvi huo ni mzee. Erasmus aliandika mwaka 1528 akitetea kwamba Wagiriki wa kale hawakutamka kama wale wa wakati wake, na vyuo vya Ulaya vikamfuata. Kanisa la Kiorthodoksi halikumfuata. Pale Riruta kuna seminari yenye jina la Makarios III, askofu mkuu na rais wa kwanza wa Cyprus, inayofundisha mapadri wa Kiorthodoksi wa Kiafrika, na katika kanisa hilo Kigiriki cha Injili kinasomwa kwa sauti za Kigiriki cha leo. Kwa hiyo usiseme Kigiriki hakina mtaa Nairobi. Binafsi natamka cha kale kwa sauti za leo. Wataalamu watakunja uso, lakini kinanipa lugha moja badala ya mbili.

Kile vitabu vya Kigiriki cha leo vinachonyamazia ni ugomvi mkubwa zaidi. Sura zao ni za mtalii: uwanja wa ndege, hoteli, mkahawa, kahawa, bili tafadhali. Hutajua kamwe kwamba watu walikufa kwa ajili ya lugha unayoagizia kahawa. Mwaka 1901 gazeti moja la Athens lilianza kuchapisha Injili katika Kigiriki cha kawaida cha watu. Wanafunzi wa chuo kikuu na wengine waliandamana kupinga, na watu wanane wakauawa. Kwa miongo mingi serikali na shule zilitumia katharevousa, lugha "safi" iliyotengenezwa ili ifanane na ya kale, huku watu wakiongea nyingine nyumbani na kuimba kwa hiyo. Wanajeshi waliopindua serikali mwaka 1967 waliipenda hiyo safi. Baada yao kuanguka, mwaka 1976 lugha ya watu ndiyo iliyowekwa shuleni, na 1982 zile alama nyingi za juu ya herufi zikapunguzwa hadi moja.

Sasa niambie hilo si jambo la kijana wa Kenya. Sisi tuliokatwa maksi za insha kwa sababu ya neno la mtaa, sisi ambao Kiswahili sanifu chetu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, katika mji wenye Kimvita chake na washairi wake. Mwandishi wa kitabu cha Kigiriki angeweka hadithi hii kwenye sura ya pili, badala ya oda ya saladi, angenipata moja kwa moja. Utamaduni wa watu hauko kwenye saladi.

Kama unataka mlango wa Kigiriki cha leo wenye Afrika ndani, mtafute Konstantinos Kavafis. Alizaliwa Alexandria 1863 na akafia huko huko 1933, mchana karani wa ofisi ya umwagiliaji, usiku mshairi. Mashairi yake ni mafupi, maneno yake mengi si magumu, na amechanganya lugha safi na ya mtaa bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Onassis Foundation imeweka hifadhi yake mtandaoni, na unaweza kuona mwandiko wake mwenyewe bila kulipa. Na kwa upande wa Kiswahili, Samuel Mushi alishamleta Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode. Ukiipata nakala, usiiachie.

Kuhusu kamusi nitakuwa mfupi. Ile kubwa ya Liddell na Scott ilitoka 1843 (Liddell huyo ndiye baba wa Alice, yule wa hadithi ya Wonderland), na iko bure kwenye Perseus, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts. Ukibofya neno ndani ya maandishi ya Kigiriki, Perseus inakuambia ni umbo gani na inakufungulia kamusi. Inakokota wakati mwingine, na kwenye simu si rafiki, lakini kwa mtu asiye na maktaba karibu hiyo ndiyo maktaba. Kamusi ya Cambridge ya 2021 ni safi zaidi na haioni haya pale wazee wa Victoria walipofunika maneno ya mwili kwa Kilatini. Bei yake inataka harambee.

Maandishi ya Kigiriki ya Periplus yenyewe yamo katika mkusanyiko wa Karl Müller wa karne ya 19, umeskaniwa na uko mtandaoni. Sura ni 66, fupi fupi, na zinazotuhusu ni chache, kuanzia ya 15 hadi ya 18. Mwandishi wake si fundi wa sentensi. Anarudia maneno, sarufi yake inachechemea, na nusu ya msamiati ni bidhaa. Hiyo kwa mwanafunzi ni baraka. Ukishamaliza nusu ya Athenaze na Injili moja, unaweza kuanza kuzisoma kwa kamusi, sentensi tano kwa jioni. Ndani yake kuna manahodha wa Kiarabu wanaooa huku na kuijua lugha ya watu wa huku, lugha ambayo haitajwi jina. Kuna mitumbwi ya gogo moja, na kuna ploiaria rhapta, vyombo vidogo vilivyoshonwa, ambavyo ndivyo vilivyoipa Rhapta jina. Kiambishi cha mwisho cha ploiarion kinadogosha, kama ki- yetu inavyodogosha, na mbao za kushonwa kwa kamba ndivyo mtepe wa Lamu ulivyotengenezwa mpaka karne iliyopita.

Katika sura ya Menouthias mwandishi anasema watu wa kisiwa wana namna yao ya kuvua, kwa gyrgathoi badala ya nyavu, wakizifunga kwenye midomo ya maji. Kamusi inasema gyrgathos ni kikapu cha kusukwa, basi. Watafsiri wanaweka "vikapu" na kuendelea na safari. Nilimpigia shangazi yangu aliyeolewa Vanga, nikamsomea sentensi hiyo huku nikiitafsiri polepole.

"Kikapu gani, mwanangu?" akasema. "Hilo ni dema. Lakini kama wanaziba mlango wa maji, hapo unaongea uzio. Hebu soma tena, wanaliteremsha au wanalisimamisha?"

Nikarudi kwenye kitenzi. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akauliza walikuwa wakitumia chambo gani. Hilo mwandishi haandiki.